Mota ya Kidawa

“Nimesema usifungue!”

“Haruna, nisikilize basi...”

“Weka bisibisi chini! Weka chini, Abilahi, nisije nikakukosea adabu leo!”

Abilahi hakuiweka. Ncha ya bisibisi ilikuwa imeshagusa kifuniko cha kopo jeusi lililokaa katikati ya mota.

Mota ilikuwa inazunguka. Hilo ndilo lilikuwa tatizo lenyewe.

Rimu ya baiskeli imelazwa chali, sumaku zimepangwa pembeni kama meno ya papa, chini kuna beringi ya pikipiki. Haina waya. Haina mafuta. Haina sola. Na inazunguka tu, vuuu, vuuu, mchana na usiku, tangu lile kopo jeusi liwekwe katikati.

“Humo ndani kuna betri,” Abilahi alisema.

“Kuna betri kichwani kwako!”

“Basi tufungue tuone. Ikiwa hamna, nitembeze Masoko yote nimevaa gunia.”

“Hata mama yangu mzazi hafungui mota ya mtu!” Haruna alipiga meza, misumari ikaruka. “Wewe umekuja hapa kwenye chama umeapa na sisi. Umeapa au hujaapa?”

Abilahi alikuwa ameapa. Na wote waliapa.

Sasa hawa watu wa sumaku wa Kilwa Masoko wana jambo lao moja. Ukiwa mwanachama utasaidiwa kila kitu: utapewa sumaku za spika mbovu, utachomelewa fremu, utapewa ushauri hadi uchoke. Lakini hakuna mtu anayefungua mota ya mwenzake. Kwa sababu kila mmoja anaamini siku yoyote yeye ndiye atakayepata siri, na kila mmoja anaogopa kuibiwa. Mtu akimaliza kazi yake anaiziba kwa gundi, kwisha. Hata akikupa kifaa chake ufunge kwenye mota yako, unafunga kama kilivyo.

Kwa hiyo Bwana Delmar alipokuja na kopo lake, mzungu mrefu mwenye Land Cruiser nyeupe na Kiswahili cha kitabu, akasema hii ni zawadi kwa chama, huu ni “moyo” wa mota, kazi ya maisha yake yote, tafadhali msiifungue, wote waliitikia kwa kichwa. Walimheshimu zaidi. Walimwona ni mwenzao.

Alikuwa amewasoma kama gazeti.

“Toka,” Haruna alisema. Sauti ilikuwa imeshuka, na hiyo ilikuwa mbaya kuliko makelele. “Leo arobaini ya mwanangu. Sitaki kugombana na mtu leo. Toka, mtani.”

Abilahi alitoka.

Nje jua lilikuwa kali. Alikaa juu ya pikipiki yake, Boxer, akatoa simu ya kitochi, akabonyeza namba ambayo haikuwa na jina.

“Fundi friji hapa,” alisema.

“Friji linagandisha?” Sauti ya mwanamke. Kavu.

“Linagandisha kupita kiasi.”

“Subiri.” Laini ikabofya. Kisha: “Laini safi. Sema.”

Huyo alikuwa Tekla, bosi wake. Na Abilahi hakuwa fundi friji, ingawa kwa miezi yote aliyokaa hapa alikuwa ametengeneza friji nyingi za Masoko kiasi kwamba angeacha kazi ya serikali asingekufa njaa. Alitumwa kumchunguza Delmar tangu mzungu huyo alipohamia Kilwa. Mtu mwenye pasi za kusafiria kama karata, mtu ambaye kila alipopita, baada ya muda kitu kikubwa kiliwaka moto.

“Kopo si betri tu,” Abilahi alisema. “Nimepitisha kidude.”

Kidude chenyewe kilifanana na chaja ya simu. Ukikiweka karibu na kitu kinachosubiri amri kwa mawimbi, kinatetemeka mfukoni kama panzi. Asubuhi ile kilikuwa kimetetemeka hadi kikamchoma paja.

“Ukubwa?”

“Unatosha kuondoa nyumba.”

“Safari?”

“Leo baada ya alasiri. Boti ya Songo Songo. Wanachama wamealikwa kule kwenye mtambo wa gesi kuonyesha ubunifu wao. Haruna ndiye atakayeibeba, mikononi, hadi ndani.”

Yeye na Tekla wote wawili walikuwa wanaona picha ileile. Fundi redio wa Masoko, aliyefiwa na mtoto, na mota yake ya ajabu. Ikilipuka, dunia nzima ingesema ni ujinga wa fundi wa kienyeji. Nani angemuuliza Delmar?

“Rimoti anayo nani?”

“Delmar. Haitoki mfuko wa shati.”

“Vijana wangu wako hapo. Tumkamate.”

“Ukimgusa anabonyeza. Nyumba imejaa watu wa khitma, Tekla. Wamama, watoto. Mashine ya kuziba mawimbi iko wapi?”

“Gari lililoibeba limekufa Somanga.”

“Basi mota lazima itoke ndani ya nyumba ile, na yeye Delmar awe anacheka.”

“Utaitoaje?”

Abilahi alitazama ua wa Haruna. Wamama walikuwa wanapepeta mchele. Sufuria za pilau zilikuwa tayari juu ya mafiga.

“Mimi ni mtani wao,” alisema, akakata simu.

*

Huwezi kuelewa kilichofuata kama hujui kwa nini Haruna alitengeneza mota.

Kidawa alikuwa binti yake wa pekee. Mtoto mwenye maneno. Aliumwa na nyoka shambani, kwenye mikorosho, akakimbizwa zahanati akiwa anaongea, anamwambia mama yake asilie. Dawa ilikuwepo. Lakini umeme ulikuwa umekatika, friji limezima, na ile dawa ilikuwa imeharibika humohumo kwenye boksi lake. Basi. Hakuna la kuongeza.

Haruna alikuwa mtu wa sumaku tangu zamani, kwa kujifurahisha tu, kama wengine wanavyocheza bao. Baada ya mazishi haikuwa kujifurahisha tena. Alitaka mota itakayozungusha friji bila umeme wa mtu yeyote. Aliacha kula. Aliacha kuongea na mkewe, Somoe. Alilala humohumo karakana, kichwa juu ya rimu.

Kisha Delmar akaleta moyo. Mota ikazunguka.

Siku ile Haruna alitoka nje akalia mbele ya watu. Akaoga. Akala ugali na samaki, akaomba wa kuongeza. Aliandika jina kwa rangi nyeupe kwenye fremu: KIDAWA.

Sasa mwambie mtu huyo ni betri.

*

Khitma ilisomwa baada ya adhuhuri. Maalim Abdurahmani aliomba dua ndefu, sauti yake ikitetemeka, maana alikuwa amemfundisha Kidawa juzuu. Bwana Delmar alikaa kwenye mkeka na wanaume, amevua viatu, kofia ya kiua kichwani. Alifuata kila kitu. Alisema amina pale panapotakiwa amina. Pembeni yake mota ilikuwa imewekwa juu ya stuli, inazunguka, kwa sababu Haruna alitaka Kidawa aione.

Vijana wawili wa Tekla nao walikuwepo, na kanzu zao, wanasubiri pilau kama watu wengine.

Dua ilipokwisha, watani wakaingia.

Abilahi alitangulia. Amejipaka majivu uso mzima, amejifunga kanga kifuani, sufuria kichwani. Nyuma yake Rosalia, mama wa Kimakonde muuza vipuri, mwanachama wa sumaku na mtani wa kila mtu, amevaa suruali ya marehemu mumewe, anapiga debe.

“Nyie wafiwa!” Rosalia alipiga kelele. “Mnakula pilau la mtoto wa watu, hamuoni haya? Mtoto mwenyewe alikuwa hashibi!”

Watu wakaanza kucheka. Ndivyo ilivyo. Msibani mtani anacheza na kifo kwa niaba ya wenye kilio, na hakuna anayeruhusiwa kukasirika.

“Na baba yake!” Abilahi alipokea. Akaikunja shingo, akainamia sufuria kama anatafuta sisimizi, akabana sauti ya Haruna. “Somoe! Usinipitie mbele, utanikatia sumaku!”

Kicheko kikalipuka. Hata wale wazee wa mbele.

Kisha akafanya kile ambacho mtani lazima afanye, na ambacho asubuhi yote alikuwa anakiogopa. Alimwigiza marehemu. Mkono kiunoni. Kichwa upande. Ile sauti ya pua kidogo.

“Baba. Eti baba. Hiyo baiskeli yako itatufikisha lini?”

Alikuwa Kidawa mwenyewe. Watu waliguna wote kwa pamoja, wamama wakacheka na kulia humohumo, mtandio mdomoni. Na Haruna, Haruna aliyekuwa amekaa kama jiwe, akacheka. Akacheka kwa sauti hadi akajishika ubavu, machozi yanamtiririka, anampigapiga goti Maalim.

Abilahi aliona kile kicheko. Akakitia moyoni, maana alijua hatakiona tena.

“Basi kama haitufikishi, naichukua mimi!” akasema, na kwa hatua moja akawa ameinyanyua mota kutoka kwenye stuli. “Kidawa kaniusia! Huu urithi wangu!”

“Mpe mtani urithi wake!” watu wakaitikia.

Kicheko kilikatika usoni mwa Haruna. Alinyanyuka nusu. Maalim akamshika kanzu.

“Kaa, mwanangu. Ni mtani huyo.”

“Ile ni...”

“Kaa. Utakuwa mtu wa kwanza Masoko kumpokonya mtani kitu msibani?”

Haruna akakaa. Macho yake yalikuwa yanamsihi Abilahi. Abilahi hakuyatazama.

“Anakwenda wapi?” Delmar aliuliza. Bado alikuwa anatabasamu, simu juu, anarekodi.

“Mtani haulizwi, baba,” Rosalia alimjibu. “Cheka tu.”

Delmar alicheka tu.

Abilahi alitoka anacheza, mota mikononi, kanga inapepea. Alipopita kona ya choo aliacha kucheza. Boxer ilikuwa inamsubiri. Mota nyuma, kamba za mpira wa tyubu, fundo moja, fundo la pili. Kiki.

Pikipiki ilinguruma.

Pale kwenye mkeka, tabasamu la Delmar lilikufa.

*

Tope. Mawe. Uchochoro. Bibi mmoja na kuku wake waliruka pembeni.

“Samahani, bibi! Shikamoo!”

“Marahaba, mwendawazimu wewe!”

Simu ilikuwa imebanwa ndani ya sufuria, sufuria imebanwa kichwani. Sauti ya Tekla ilimwangukia sikioni.

“Uko wapi?”

“Naelekea mashamba ya chumvi.”

“Kuna watu?”

“Hakuna. Delmar?”

“Vijana wanasema amesimama. Anaenda kwenye gari.”

“Mzuie!”

“Amezuiwa tayari.” Kwa mara ya kwanza Tekla alisikika ameshangaa. “Wamama wamelala mbele ya gari.”

Kweli walikuwa wamelala. Rosalia na watani wenzake, chali, mbele ya Land Cruiser, wanaimba kwamba mgeni haondoki msibani mikono mitupu. Mwingine amekaa juu ya boneti anakula pilau. Mwingine ameshachomoa ufunguo, ameutia kifuani. Delmar alipiga kelele kwa lugha ya kwao. Wakamwigiza. Akamsukuma mmoja. Wakashangilia.

Hapo ndipo alipoingiza mkono mfuko wa shati.

Abilahi alikuwa ameshafika kwenye tuta la mwisho. Alikata mipira kwa kisu. Mota ilikuwa bado inazunguka mikononi mwake, vuuu, vuuu, na lile jina jeupe likawa linapita mbele ya macho yake. Aliirusha kwenye bwawa upande wa pili wa tuta. Akajitupa chini.

Dunia ilipasuka.

Maji ya chumvi na tope vilipanda juu kama mti, vikaning'inia, vikashuka. Sufuria iligongwa na jiwe ikabonyea. Kisha kimya, na ule mlio wa masikio usiokwisha.

“Fundi friji.” Tekla. Mbali sana. “Fundi friji, jibu.”

“Nipo.”

“Tumeichukua rimoti mkononi mwake. Amefungwa pingu na kofia ya kiua kichwani.”

“Kuna aliyeumia?”

“Hakuna. Kazi nzuri. Ondoka Kilwa kabla ya magharibi. Usirudi kwa mtu yeyote.”

Abilahi alitema chumvi. Juu ya maji vilikuwa vinaelea vipande vya rangi nyeupe.

“Sawa,” alisema.

Akarudi.

*

Somoe alimkuta getini. Watu walikuwa wameondoka, polisi walikuwa wamejaa barabarani na kwenye Land Cruiser. Alikuwa mwanamke mwembamba, macho yamevimba, na alikuwa ameshaelewa kila kitu bila kuambiwa.

“Umetuokoa, shemeji.”

“Yuko wapi?”

“Karakana. Hasemi na mtu.” Alimshika mkono, akamvuta pembeni. “Shemeji, nakuomba kitu kimoja. Mwambie ilikuwa inafanya kazi. Mwambie yule shetani aliweka bomu kwenye mota nzima, mota ya kweli. Tangu imezunguka ndio anakula. Ndio ananiita jina langu. Ukimwambia vingine unanizikia wa pili.”

Abilahi alinawa uso kwenye ndoo, majivu yakatoka, akaingia.

Haruna alikuwa amekaa mezani. Mbele yake kulikuwa na rimu ya zamani, ile ya kwanza, aliyoitengeneza kabla ya Delmar. Hakugeuka.

“Jina lako Abilahi kweli?”

“Hapana.”

“Friji?”

“Nilijifunza.”

“Hm.” Haruna alisugua sumaku moja kwa kidole. “Nilisikia mlio. Nikajua ndio Kidawa.”

“Ungekufa, Haruna. Wewe na watu wa kisiwa kizima.”

“Nimeambiwa. Ahsante.” Alisema kama mtu anayeshukuru kwa kupewa maji. “Sasa niambie. Wewe uliiona. Ilikuwa inazunguka?”

“Ilikuwa inazunguka.”

“Kwa nini?”

Neno lilikuwa mdomoni, tayari. Sumaku. Jepesi. Alikuwa amemdanganya mtu huyu kila siku, jina, kazi, safari, na hakuna uongo hata mmoja uliomtia jasho. Huu ndio ungekuwa wa kwanza wenye huruma. Nje alimsikia Somoe akikusanya sahani, akizikusanya polepole sana, ili asikie.

Lakini akilini alimwona pia Delmar mwingine. Uso mwingine, gari lingine, kopo lingine. Na Haruna akilipokea kwa mikono miwili, akiliziba kwa gundi, kwa sababu anajua, aliona kwa macho yake, kwamba inawezekana.

“Betri,” Abilahi alisema.

Sahani nje zilinyamaza.

Haruna alitikisa kichwa taratibu, mara kadhaa. Kisha akaisukuma ile rimu ya zamani kwa kidole. Ilizunguka. Ikapunguza. Ikasita mbele ya sumaku moja, ikarudi nyuma kidogo, ikaenda mbele kidogo, kama mtu anayetafuta kitu gizani. Ikasimama.

“Utani wetu je?” aliuliza. “Na huo ulijifunza?”

“Huo wa kweli. Babu zangu na babu zako walizikana. Uliza huko Mtama.”

“Basi kama wa kweli,” Haruna aligeuka, na hapo ndipo Abilahi aliuona uso wake, “mtani akichukua kitu msibani, jua likizama anarudisha. Hakuna asiyejua.” Alinyoosha mikono, viganja juu, na vilikuwa vitupu na vyeusi kwa grisi. “Nirudishie.”

Abilahi alisimama. Kanga bado ilikuwa imemfunga kifuani, inadondosha maji sakafuni.

“Siwezi, mtani.”

“Najua.”

Haruna hakuishusha mikono. Simu ilitetemeka mfukoni, mara moja, mara ya pili. Abilahi aliifungua ile kanga, akaikunja vizuri kona kwa kona, akaiweka juu ya kiti kilichokuwa wazi mbele ya Haruna. Akatoa mfukoni miwani ya jua, akaivaa, ingawa jua lilikuwa linazama.

Alitoka, akaufunga mlango nyuma yake taratibu, kama mtu anayetoka chumba cha mgonjwa.